Kapunguzwa kazi, HR anasema asubiri malipo mwisho wa Julai. Asubiri?

Msaka_Haki
Habari wakuu. Mdogo wangu ni dereva wa kampuni ya usambazaji hapa Dar, mkataba wa kudumu, ana miaka 4 na miezi 7 kazini. Mshahara wa msingi 390,000, posho ya nyumba 60,000. Tarehe 2 Juni kapewa barua ya "kupunguza wafanyakazi", inaanza siku hiyo hiyo, bila kikao chochote kabla. HR kamwambia malipo ni mwisho wa Julai, ila kwanza asaini karatasi. Alichukuliwa kazini Tabora. Anastahili nini, na asubiri?

Kanzu_Nyeusi
Asisubiri hata kidogo. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linafunguliwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa barua ya 2 Juni, siku ya mwisho ni 2 Julai. Akingoja mwisho wa Julai atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa Fomu F.2 na kiapo, aeleze kila siku aliyochelewa, na "HR aliniambia nisubiri" mara nyingi haimwokoi mtu. Madai mengine, kama mshahara au likizo, yana siku 60, lakini hayo peke yake hayamrudishi kazini wala hayampi fidia.

Hoja yake ni nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya nia hiyo mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane juu ya vigezo vya nani abaki na nani aondoke. Barua ya leo, uondoke leo, hiyo siyo mashauriano.

Fomu ni CMA F.1, na kuna sehemu B ya wanaolalamikia kuachishwa kazi tu. Wengi huiruka, shauri linayumba hapo. Madai yote na kiasi chake ayaandike humo. Asichokiomba kwenye F.1 ni vigumu kukipata mbele ya safari. Nakala ampelekee mwajiri KWANZA, ndipo akasajili Tume na uthibitisho kwamba imepokelewa. Mapokezi wakikataa kugonga muhuri, atume kwa rejista ya posta na risiti aitunze.

Hesabu_Kali
Kwenye hela ndiko wanakopigwa.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ile miezi 7 haihesabiwi. Ujanja upo kwenye kupata mshahara wa siku. HR wengi wanagawa kwa 30: 390,000 ÷ 30 = 13,000, mara 7, mara 4, inakuja 364,000. Jedwali la sheria linasema gawa mwezi kwa 4.333 upate wiki, kisha wiki kwa siku anazofanya kazi. Akifanya siku 6 ni sawa na kugawa kwa 26, yaani 15,000 kwa siku. Kiinua mgongo kinakuwa 420,000. Tofauti ni 56,000, na bado likizo.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Kwa kuwa hakupewa, alipwe ujira ambao angeupata, na hapa posho inaingia. Likizo isiyochukuliwa katika mwaka unaoendelea: siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Cheti cha utumishi ni lazima wampe.

Mzee_wa_Mizigo
Mmesahau nauli. Sheria inaangalia mahali ulipoajiriwa, siyo kwenu. Kuzaliwa Tabora na kuajiriwa Dar hakukupi kitu. Huyu kachukuliwa kule, basi wamsafirishe na mizigo yake au wampe angalau nauli ya basi hadi kituo cha karibu, pamoja na posho ya kujikimu kila siku tangu ajira ilipokoma hadi watakapomsafirisha. Ile posho ndiyo inayowaamsha waajiri. Atafute barua ya ajira inayoonyesha alichukuliwa wapi, maana wataruka.

Msaka_Haki
Asanteni sana. Na hiyo karatasi je? Imeandikwa "nimelipwa stahiki zangu zote, sina madai zaidi".

Kanzu_Nyeusi
Mkuu, hajalipwa hata senti, asaini nini? Wakimpa fedha apokee, ila juu ya saini aandike kwa mkono kiasi alichopokea, tarehe, na maneno "napokea bila kuathiri madai yangu". Aipige picha kabla hajairudisha.

Halafu akishasajili asikose siku ya usuluhishi. Mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Haya yote ni ya Bara, Zanzibar wana sheria yao.