Jiko la wati 2,000: hesabu tatu, majibu matatu. Lipi sahihi?

Koili_Moja:
Habari wakuu. Nina jiko la umeme la koili moja, kibandiko kinasema 230V, 2000W. Siku hizi maji yanachelewa kuchemka. Vipimo ni hivi:

Plagi ikiwa nje, kati ya pini ya moto na ya nyutro: omu 25.6
Jiko likiwaka, klampu mita: ampea 7.5
Volti kwenye tundu la pili la soketi hiyo hiyo (ni dabo): 219 jiko likizimwa, 198 likiwaka

Nikizidisha 230 × 7.5 napata wati 1,725. Nikifanya 230 × 230 ÷ 25.6 napata 2,066. Nikifanya 198 × 7.5 napata 1,485. Nishike lipi? Na je, koili imekufa?

waya_mwekundu:
Shika 1,485. Volti na ampea lazima ziwe zimepimwa wakati mmoja, mzigo ukiwaka. Hiyo 230 ni ya kibandiko, kwako haipo.

Koili ni nzima. Angalia: 2000 ÷ 230 = ampea 8.7, na 230 ÷ 8.7 = omu 26.4. Ndivyo lilivyotoka kiwandani. Sasa vipimo vyako: 198 ÷ 7.5 = omu 26.4. Ukinzani haujabadilika hata kidogo. Ile 25.6 uliyopima ni ya koili ya baridi. Nikromu, yaani metali ya waya wa koili, ikiiva ukinzani wake hupanda kwa asilimia chache tu. Balbu ya uzi usiifanyie hivyo: ya wati 100 ikiwaka ina omu 529, ikiwa baridi inasoma chini ya moja ya kumi ya hapo.

Tatizo ni volti. Zimeshuka kwa asilimia 14 kutoka 230, lakini nguvu imeshuka kwa asilimia 26, maana volti zikipungua ampea nazo zinapungua. LUKU haikupunji: saa moja ya jiko lenyewe inakula uniti 1.485, siyo 2. Ila chakula kinakaa motoni muda mrefu zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni ile 219 kuwa 198. Volti 21 zinapotea njiani. 21 × 7.5 = wati 157, na zote zinageuka joto mahali fulani kwenye nyaya, za nje au zako. Pima tena jiko likiwaka, safari hii kwenye mein swichi. Kama hujazoea kufungua mfuniko wake, tumia soketi iliyo kwenye sakiti breka nyingine, isiyo na mzigo wowote. Itakupa karibu volti zile zile.

Omu_Sifuri:
Kwa wengine watakaojaribu: klampu inabana waya mmoja tu, moto au nyutro. Ukibana kebo nzima inasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Wenye multimita ya kawaida, ukimaliza kupima ampea rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukiuacha kwenye 10A kisha ukachomeka kwenye soketi, hiyo ni shoti.

Na hesabu hii ni ya koili, pasi, hita. Friji au pampu ina mota. Volti mara ampea hapo inakupa zaidi ya wati halisi.

Koili_Moja:
Soketi ya breka nyingine, jiko likiwaka: 215. Kebo ya kwenda soketi ya jiko ni ya 1.5 (milimita za mraba), urefu kama mita 20.

waya_mwekundu:
Basi laini ya nje inakula volti 4 tu, 17 zinapotelea ndani ya nyumba. Shaba ya 1.5 ina omu kama 12 kwa kilomita. Kwenda na kurudi mita 40: omu 0.48, mara 7.5, ni volti 3.6. Zimebaki zaidi ya 13, na kebo haiwezi kuzila. Kuna kiungo kilicholegea kinachochoma kama wati 100, kwenye eneo dogo kuliko kidole. Usiwashe jiko hapo mpaka kipatikane.

Plagi usiihangaikie: ulipima tundu la jirani, kwa hiyo ingekuwa mbovu hesabu ya 198 ÷ 7.5 ingezidi 26.4. Zima mein swichi, hakikisha kwa testa, fungua soketi. Waya ukiwa mweusi, ukate mpaka kwenye shaba inayong'aa. Soketi iliyoungua badilisha, kukaza skrubu peke yake hakusaidii kwa sababu vibati vyake vimeshapoteza msukumo. Kebo ya jiko ingefaa iwe 2.5.

Ukirudisha umeme na kebo hiyo hiyo utegemee kama volti 211 na ampea 8, yaani wati karibu 1,690. Ikibaki 198, panda darini utafute kiungo kilichosokotwa na kufungwa kwa selotepu.