Nungwi hadi Mkoani kwa mashua: simu inatosha, au nifuate alama za wazee?

Kijana wa Nungwi
Assalamu alaykum jamaa. Ami yangu amenikabidhi mashua yake, tanga moja na mashine ya nguvu farasi 15 nyuma. Nimezoea kuvua karibu, Mnemba na Tumbatu, nchi naiona muda wote. Sasa wenzangu wanataka twende dago Pemba, kupiga kambi ya uvuvi, wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, tushukie Mkoani. Nina simu yenye programu ya ramani na dira ndogo ya ami. Mwenyewe ananicheka: "Hiyo simu yako inaujua mwamba?" Yeye kavuka miaka yote kwa nyota na alama, lakini macho hayamsaidii tena na safari hii haji.

Nataka kujua: GPS ya simu inafanya kazi kule katikati ambako mtandao haufiki? Na nyota ya kaskazini naitafutaje usiku? Nimesoma kwamba ndiyo wanayoifuata mabaharia.

Fundi Simu Chake
Waalaykum salaam. Inafanya kazi. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja, haitaki mtandao wala vocha. Kinachotaka mtandao ni ile picha ya ramani, kwa hiyo ipakue kabla hujatoka nyumbani, kisha zima data uone kama bado inafunguka. Palipo wazi kama baharini, simu nzuri hukosea mita chache tu.

Angalia sana namba unazopewa na watu. Mnara wa taa wa Nungwi uko karibu nyuzi 5 na dakika 43 kusini. Wapo wanaoandika 5.43 wakidhani ni kitu kimoja. Siyo. Dakika 43 ni 0.717 ya nyuzi, kwa hiyo namba sahihi ni 5.717. Ukiingiza 5.43 simu itakupeleka maili 17 za bahari kaskazini zaidi, na haitakwambia kuwa umekosea. Chagua mtindo mmoja, uubakishe huo huo kwenye simu na kwenye daftari.

Simu itie kwenye mfuko usioingia maji, na pawabenki yake pia.

Babu Kojani
Kijana, mimi nimekula chumvi ya mkondo huo kwa tanga kabla ya hivyo vidude kufika, na sasa ninacho kimoja mfukoni. Sikiliza basi, sina haja ya kukuchagulia upande.

Nyota ya kaskazini isahau. Waliokuwa wakiifuata ni wale wa majahazi wakishakaribia Uarabuni. Sisi tuko nyuzi 5 na kitu kusini ya mstari wa Ikweta, kwetu hiyo imezama chini ya upeo, hata ungepanda juu ya mlingoti usingeiona. Wakati wa kusi tazama zile nyota nne za msalaba upande wa pili. Mti wake mrefu unaelekeza kusini, na ukiwa na kusini mgongoni kaskazini unayo. Lakini kwa nini uvuke usiku? Mgeni wa njia avuke mchana.

Mkondo ndio nitakaoukalia kidogo. Maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini, na kusi ikivuma yanakwenda kwa kasi zaidi. Kutoka Nungwi hadi Mkoani ni kama maili 30 za bahari, kaskazini mashariki. Mashua yako ikienda maili 6 kwa saa ni saa 5. Mkondo ukikusukuma maili 2 kila saa, mwisho wa saa hizo 5 umesogezwa maili 10. Omo, yaani mbele ya chombo, ulilielekeza Mkoani tangu asubuhi, dira haikutikisika, na bado utakuta kisiwa cha Misali kiko kulia kwako na Mkoani umeipita.

Hapa ndipo simu na dira vinapokuwa ndugu. Dira inakwambia omo linatazama wapi. Simu inakwambia chombo kinakwenda wapi hasa. Tofauti ya hayo mawili ni mkondo na upepo, unaiona kwa macho. Wazee walikuwa wakiikisia kwa uzoefu, wewe unaisoma. Basi elekeza omo kulia zaidi ya Mkoani hadi mwendo unaoonyeshwa na simu uangukie Mkoani. Ila dira iweke mbali na mashine, nanga na spika, vyuma na sumaku vinaitia uwongo.

Sasa mwamba. Ami yako kasema kweli. Ramani nyingi za simu zinapaka bahari yote buluu moja, kina cha pima 2 na cha pima 200 sawasawa (pima ni karibu mita 2). Mlango wa mwamba, ule uwazi wa kupitia chombo, unaingiwa kwa macho, na macho yanataka jua liwe mgongoni. Unakwenda mashariki, kwa hiyo ukifika asubuhi jua liko usoni na maji yote yanameremeta kama bati, huoni kitu. Fika saa 7 au saa 8 mchana, jua limeshapinda nyuma yako. Buluu iliyokoza ni kina, kijani ni haba, hudhurungi ni mwamba au majani, na huko usipeleke omo.

Saa hiyo ina faida nyengine. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hupwa saa 4 au saa 5 asubuhi, hujaa kwenye saa 10 au saa 11 jioni, na tofauti inafika mita 4. Ukifika saa 8 maji yanapanda. Ukigusa fungu, subiri tu, bahari itakuinua. Ukigusa maji yakiwa yanapwa utalala ubavu hapo mpaka usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka, ukague mwezi kabla hujapanga safari.

Vijana wanapenda kurekodi njia kwenye simu halafu wanaifuata kwa macho yaliyofumbwa. Njia uliyorekodi maji yamejaa bamvua inaweza kupita juu ya jiwe ambalo leo liko shubiri moja chini ya maji. Kila njia unayoihifadhi ipe jina lenye hali ya maji: "Mlango, yamejaa nusu, bamvua". Na kamba ya bildi, ya kupimia kina, isikosekane omoni, risasi mwishoni na mafundo kila pima.

Za kunusa karafuu ukajua Pemba iko karibu waachie watalii.

Mke wa Mvuvi
Babu kamaliza. Mimi naongeza la nchi kavu. Kabla ya kutoka mwachie mtu karatasi: mmetoka saa ngapi, mnashukia wapi, mko wangapi, na saa ya kuwaarifu KMKM, kikosi cha Zanzibar cha ulinzi wa baharini, kama hamjapiga simu. Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, zivaliwe, zisikaliwe. Na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe asubuhi ile ile, siyo ya juzi.

Kijana wa Nungwi
Nashukuru sana nyote. Babu, shikamoo. Nimempigia ami nikamsomea yako, hakucheka safari hii, kauliza tu wewe ni mtoto wa nani. Moja limebaki: tukiwa karibu na kufika ikashuka mvua kubwa nchi ikapotea, na simu nayo imezimika?

Babu Kojani
Marahaba. Mwambie ami yako aje Kojani ataambiwa.

Mvua ile ya kusi haikai. Shusha tanga, geuza omo kwa upepo, mashine iende polepole tu ya kushika mahali, nawe ubaki nje kwenye kina. Mwenzako mmoja atupe bildi mara kwa mara, na ikianza kugusa, rudi nje ulikotoka kwa dira. Msikilize na mvunjiko, mawimbi yanayopasuka mwambani yana sauti tofauti na mvua. Nchi ikifunguka tafuta alama mbili nchi kavu, zote mbele yako, moja ya karibu na nyengine nyuma yake, mnazi na paa la bandari mathalani. Zikishikana na zikabaki zimeshikana, unakwenda sawa. Ya nyuma ikianza kuchomoza kushoto, mkondo unakutia kushoto, ongeza usukani kulia. Na kama imefika magharibi nchi bado haijafunguka, lala nje. Chukueni maji ya kunywa na mkate wa siku ya pili.