Mrejesho: kijana wangu aliyeacha shule kwa ajili ya majahazi

Assalaam aleikum. Niliomba ushauri kuhusu mwanangu aliyeacha shule kidato cha tatu, kutwa yuko Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, kwa mafundi wa majahazi. Wengi mlisema nimpe muda, nikampa.

Miaka ile ilikuwa mizito. Hasemi nasi, harudi mpaka usiku, nguo zanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo. (Mamake alizifua bila kunung'unika, Mungu amlipe.)

Sasa ni fundi. Juzi nilimkuta akitia kalafati: anasokota pamba, anaipachika baina ya mbao, anaigonga taratibu, kisha anapitisha kidole kuhakikisha hakuna mwanya. Nilisimama nikamtazama mpaka akaniona. "Shikamoo baba," akaniagizia kahawa.

Anataka kuoa baada ya Maulidi. Asanteni sana, nimefurahi mno.