Jangwani kuangalia ndege: Namibia, Kgalagadi au Chalbi?

Mtu_wa_Tabata: Wakuu, salaam. Natafuta safari ya jangwani ya siku kumi hivi. Shida yangu ndege, ila na wanyama nisiwakose. Nimebakiza tatu: Namibia (Sossusvlei, Walvis Bay, Etosha), Kgalagadi pale Afrika Kusini na Botswana, au Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Tiketi nataka kukata wiki hii. Nishike ipi?

Dereva_Mstaafu: Mwezi gani? Mko wangapi? Bajeti? Unaendesha mwenyewe? Mada umeileta nusu nusu halafu unataka jibu zima.

Kipozamataza: Namibia, funga mjadala. Kambi ya Okaukuejo, ndani ya hifadhi ya Etosha, kisima cha wanyama kinamulikwa taa usiku. Unakaa kwenye benchi na blanketi lako, faru weusi wanakuja wenyewe kunywa. Walvis Bay wangwa umejaa heroe. Na kuna kandege kanaitwa kipozamataza wa matuta ya mchanga, huyo nje ya Namibia humpati.

Mpare_Og: Hela zote hizo za nini? Panda basi Mbezi asubuhi, shuka Same, geti la Mkomazi liko pua na mdomo. Aina za ndege zaidi ya 400, choroa (wale swala wa jangwani) wapo, swala twiga wapo, na yule kanga wa kifua cha bluu mwenye kichwa kipara kama tai. Huyo huyo ambaye ungemfuata Chalbi.

Kipozamataza: Mkomazi ni nyika, siyo jangwa.

Mpare_Og: Choroa umemuuliza?

Dereva_Mstaafu: Ngoja niseme la Namibia kabla mtu hajaumia. Tulikodi gari Windhoek, watu wanne. Siku ya pili, njia ya changarawe kuelekea Sesriem, geti la kuingilia Sossusvlei, tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lipo, jeki ipo, spana tukaitoa ikiwa bado kwenye nailoni yake. Kuiweka kwenye nati, inazunguka tu: ya gari lingine kabisa! Simu hakuna mtandao. Tulikaa saa tatu chini ya mgunga wenye kiota cha wale kwera wanaoishi kijiji kizima, kikubwa kama paa la banda. Wanaingilia kwa chini, wanagombania matundu kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, na nyasi zinatudondokea kichwani. Kuna kijikipanga kidogo hupanga chumba humo humo. Nilimwona kwa macho yangu, lakini raha ya kumwangalia sikuwa nayo. Alitokea mzee mmoja na pikapu, dakika kumi tukaondoka. Kurudisha gari, tukakatwa hela ya tairi. Kumbe bima yao haigusi tairi wala kioo. Spana ijaribu kwenye nati kabla hujatoka pale ofisini.

Mtu_wa_Tabata: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni Agosti. Tuko wawili, mimi na mzee wangu, ana miaka 71. Bajeti ya kawaida.

Dereva_Mstaafu: Ya kawaida ndiyo shilingi ngapi?

Bi_Shungi: Agosti ni kiangazi huko kusini, wanyama utawaona visimani mpaka uchoke. Lakini ndege wanaohamia kutoka Ulaya hawapo, msimu wao Novemba mpaka Aprili. Na wewe umesema shida yako ndege. Kgalagadi usiku wa Agosti baridi inaweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo baba asibebe sweta moja. Ningekuwa mimi, ningesogeza likizo.

Mtu_wa_Tabata: Likizo imeshasainiwa dada.

Njia_ya_Moyale: Chalbi mnaionea. Lami imepita Marsabit hadi Moyale. Mbuni wa kule ni wa Kisomali, shingo na mapaja ya bluu ya kijivu, siyo mekundu kama wa kwetu. Ila Marsabit kwenda Chalbi kwenyewe hakuna lami, mgongo wa mzee uufikirie.

Kipozamataza: Darubini unayo? Mimi Kariakoo niliuziwa moja, kila ndege naona wawili.

Mpare_Og: Ndiyo maana unasema Namibia wamejaa.

Mtu_wa_Tabata: Mzee nimemsomea uzi huu wote. Anauliza huyo kanga wa Same analiwa?

Mpare_Og: Mkuu, mpeleke Namibia.

Bi_Shungi: Nina darubini 8x42, imetumika kidogo, niko Mikocheni. Haioneshi wawili.

Kipozamataza: Bei?