Wikendi Liverpool kwa wapenda muziki, tuanzie wapi?

Swali:
Wadau habari zenu, mimi na mke wangu tunatoka London Ijumaa jioni tunaenda Liverpool tunarudi Jumapili, muziki ndo kila kitu kwetu, tusikose nini?

Jibu:
Karibuni sana mkuu! Treni zinatoka stesheni ya Euston hapo London zinawashusha stesheni ya Lime Street, katikati ya mji kabisa, mengi ni kutembea kwa miguu tu. Usiku nendeni Mathew Street kwenye Cavern Club, klabu ya muziki wa laivu. Ile ya zamani ilifunguliwa 1957, bendi ya Beatles wakaanza kupiga pale 1961, ikaja kufungwa na kufukiwa 1973, hii ya sasa ya 1984 imejengwa kwa matofali mengi ya ile ile na inashika sehemu kubwa ya eneo lake. Wengine watawaambia ni ya watalii tu, mi sikubaliani nao hata kidogo, ukishuka zile ngazi ukakuta bendi inapiga laivu utaelewa.

Jibu:
Naongezea, nyumba walizokulia John Lennon na Paul McCartney wa Beatles zinatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ila lazima mbuki mapema, ukienda tu hivihivi huingii ndani.

Jibu:
Jamani msiishie kwa Beatles! Huu mji UNESCO waliutambua kama mji wa muziki 2015. Shemeji kama anapenda okestra mpeleke Philharmonic Hall pale Hope Street, Jumapili pandeni feri ya mto Mersey. Museum of Liverpool kiingilio bure.

Muuliza swali:
Asanteni sana, nabuki zile nyumba leo leo.