Kampuni ya vinywaji ilinipa friji bure, sasa wananikataza kuweka juisi ya jirani. Nilirudishe?

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine mambo vipi.

Nina duka la rejareja Gongo la Mboto, huu mwaka wa nne. Mwaka juzi kampuni moja kubwa ya vinywaji iliniletea friji la kioo, lile refu la mlango mmoja. Bure. Karatasi nilisainia juu ya gunia la sukari, wala sikuisoma. Sidanganyi, mauzo yalipanda. Kabla ya hapo nilikuwa napoza soda kwenye deli, ikifika saa nane mchana barafu imeshakuwa maji, mteja anashika chupa, anairudisha.

Sasa mtaani kuna mama anatengeneza juisi ya ukwaju na ubuyu, anajaza kwenye chupa ndogo. Akaniomba nimuuzie. Nikampa rafu ya chini kabisa, chupa 20 kwa siku. Saa kumi haijafika zimekwisha, maana ni 500 tu. Watoto wa shule wanainama wenyewe kuzichukua.

Wiki iliyopita kijana wa mauzo kapita, kafungua friji, katoa chupa zote za yule mama kazipanga sakafuni. Mbele ya wateja! Akasema nikirudia wanakuja na gari kuchukua mali yao. LUKU nanunua mimi, kodi ya fremu nalipa mimi, ila rafu si yangu.

Hivi haya makampuni yanatusaidia au yanatubana? Nilirudishe friji nitafute la mtumba, au nimwambie mama wa watu basi? Nawasilisha.

Mzee wa Kreti:
Mkuu, nimefanya mauzo ya vinywaji miaka sita. Lile friji hukupewa zawadi. Mtu mwenye kiu saa saba mchana hatafuti jina la kinywaji, anatafuta cha baridi. Duka likiwa na friji moja, mwenye friji ameshamchagulia mteja kabla hajavuka barabara. Wewe unaona umepata friji, wao wanaona wamepanga sehemu dukani kwako, na umeme unawalipia wewe.
Kijana naye usimchukie sana. Ana idadi ya kreti anazotakiwa kufikisha, na bosi wake akikuta ukwaju mle ndani maneno anayapata yeye. Ila kupanga chupa za mtu sakafuni, hapo kakosa adabu.

Hesabu Kwanza:
Tusiende na hasira. Tuseme mama anakuachia kwa 400. Chupa 20 ni faida ya 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi. Si ya kudharau, lakini bila shaka soda ndizo zinazolipa fremu. Ukirudisha friji leo unarudi kwenye barafu ya saa nane. Na hao wakubwa tusiwaseme tu, madereva na wapakia mizigo wangapi mtaani kwenu wanakula kupitia hizo kreti?

Binti wa Pwani:
Mteja ana nguvu jamani, tusijidharau. Aprili 2021 bei za vifurushi vya simu zilipopanda watu walipiga kelele nchi nzima, zikasitishwa.

Mzee wa Kreti:
Binti, kifurushi kinamgusa kila mwenye simu. Ukwaju wa Gongo la Mboto nani ataupigia kelele? Mteja akiukosa atachukua soda na safari iendelee. Hata hatajua kuna kitu amenyimwa.

Mbeba Faili:
Tafuta ile karatasi uisome ndiyo uongee nao. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, na makubaliano ya kubana ushindani sokoni yamo humo. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ila nisikupe moyo wa bure: sharti kama hilo si kosa moja kwa moja, wataangalia kampuni ina nguvu kiasi gani sokoni na washindani wanaumia vipi.

Mswahili wa Dublin:
Huku Ireland ugomvi huu ulishapiganwa, tena wa aiskrimu. HB, iliyo chini ya Unilever, iligawa friji bure madukani kwa sharti ndani zikae aiskrimu za HB peke yake. Mars wakaja na zao, wakakuta vijiduka havina hata pa kuweka friji la pili. Mwaka 1998 Kamisheni ya Ulaya ikasema sharti lile linavunja sheria, na 2003 mahakama ikaunga mkono. Mwaka 2005 Coca-Cola nao wakaiahidi Kamisheni kwamba duka ambalo friji pekee ni lao, mwenye duka aachiwe angalau 20% aweke anachotaka. Hata Afrika Kusini, kampuni ya bia ya AB InBev ilipoinunua mwenzake SABMiller mwaka 2016, ilitakiwa kuwaachia wazalishaji wadogo 10% ya friji za bia.
Wewe unaomba rafu moja ya chini. Hujaomba makubwa.

Mama Wawili:
Mnambeba mama wa juisi, sawa. Alama ya ubora ya TBS anayo? Mtoto akiumwa tumbo, wa kwanza kufuatwa ni mwenye duka. Aende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamwelekeze, wajasiriamali wadogo wanapitia huko.

Mleta uzi:
Asanteni wakuu. Karatasi nimeipata, imeandikwa "bidhaa za kampuni pekee", maandishi madogo kama mchanga. Nimempigia msimamizi wa kijana, nikamweleza habari ya rafu moja. Kasema niandike barua. Nimeandika.

Mama nimempa nauli ya SIDO. Deli langu la zamani nimelitoa stoo, nimeliweka mlangoni, mteja analikuta kabla ya friji. Jana chupa 20 ziliisha saa tisa. Kijana wa mauzo alipita, akatazama deli, akatazama friji, akanunua ubuyu.

Kuna friji la mtumba nimeonyeshwa Buguruni, fundi anaapa kompresa nzima, ila linaunguruma kama mashine ya kusaga. Mwenye kujua hayo mambo anisaidie kabla sijatoa hela.