Huyu Murumbi wa pale Archives alizaliwa tajiri ama?

kijana_wa_southb:
Wasee, jana mvua imenikuta nikingoja mtu pale kwa sanamu ya Tom Mboya nikaona afadhali niingie Archives, ile nyumba ya kumbukumbu za taifa hapa Nairobi, nijikinge, hapo nimepita maisha yangu yote na sijawahi ingia. Manze! Chini kote ni vinyago, vigoda, ngoma, shanga, naambiwa ni vya Joseph Murumbi. Sasa pesa alitoa wapi? Kwao walikuwa nazo ama ni zile za siasa?

mama_vitabu:
Siasa ondoa, mwanangu. Umakamu wa rais alikaa nao miezi michache tu 1966 akajiuzulu. Alizaliwa Eldama Ravine 1911, babake Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India, mfanyabiashara, mamake Mmaasai. Akiwa mtoto mdogo akapelekwa India kusoma, huko Bangalore, na hakurudi hadi 1933. Hebu fikiria, unaondoka ukishikwa mkono unarudi uko na ndevu, watu wa mamako ni kama wageni kwako. Babake alikuwa Zuzarte, hilo Murumbi ni la upande wa mama, alilichukua baadaye. Mimi huona huyo mzee alikuwa anajikusanya mwenyewe, hivyo vigoda ni kisingizio tu 😅

buda_eastlando:
Mama nakuheshimu lakini hapo kwa pesa umeruka. Baba mfanyabiashara na mtoto anapandishwa meli kwenda kusoma India, miaka hiyo! Babu yangu wakati huo alikuwa anachunga mbuzi za mwenyewe.

mama_vitabu:
Haya, hapo umenishika, njaa hakuijua. Lakini pia usidhani alirithi hazina, alifanya kazi za ukarani kama watu, akaenda Somalia akafanyia serikali ya kijeshi ya Waingereza, na hata akiwa uhamishoni London miaka ya hamsini alikuwa ameajiriwa kwa ubalozi wa Moroko. African Heritage, lile duka la sanaa za Kiafrika alilofungua na Mmarekani Alan Donovan, ilikuja 1972, siasa ashaachana nayo. Na vitabu je, uliviona? Vya zamani, vilivyochapishwa kabla ya 1900, ni maelfu.

kijana_wa_southb:
Vitabu sikufika. Nilikwama kwa kigoda kimoja hivi, kimekaliwa mpaka katikati kumeng'aa, nikawa najiuliza ni matako ya nani. Halafu simu ikalia, yule nilikuwa nangoja ako nje kwa Mboya amelowa chapa chapa na ananitusi.